Somo la Mwili na Deni Lake

Kila mwaka, katika vyuo vya uuguzi, vya utabibu, vya maabara na vya udaktari, vijana huanza masomo yao kwa somo moja ambalo halikwepeki: anatomia na fiziolojia, yaani elimu ya viungo vya mwili wa binadamu na kazi zake. Ni somo linaloogopwa. Wakongwe wa chuo huwatisha wageni kwa somo hilo kama watoto wanavyotishwa kwa zimwi. Mifupa ni 206, misuli ni zaidi ya 600, mishipa haihesabiki, na kila kimoja kina jina lake la Kilatini au la Kiyunani ambalo halikubali kukaa kichwani mpaka ulirudie mara mia.

Nililisoma somo hilo katika chuo kimoja cha uuguzi, na ninakubali kwamba kukariri ni kazi ngumu. Lakini upo ugumu wa pili, ambao haumo katika mtihani. Kila ukurasa wa vitabu vile umeandikwa kutokana na mwili wa mtu fulani, na aghalabu mtu huyo hakuulizwa. Historia ya somo hili ni historia ya deni. Hebu tulitazame deni hilo, msomaji, tuone limekopwa kwa nani na kama bado linaweza kulipwa.

Chuoni kwetu tulikuwa na mifupa halisi ya mtu mmoja, iliyotunzwa katika sanduku la mbao. Taya la fuvu lilishikizwa kwa springi ndogo ili liweze kufunguka na kufunga. Tuligawana mifupa hiyo kwa vikundi: kundi hili fupa la paja, kundi lile pingili za uti wa mgongo, jingine vile vifupa vinane vya kifundo cha mkono ambavyo vyote pamoja hutosha katika kiganja kimoja. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, lakini usiku bwenini tulifundishana kwa Kiswahili, maana huwezi kuielewa kazi ya figo mpaka uweze kuisimulia kwa lugha uliyokua nayo.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba Kiswahili chetu cha nyumbani kina neno moja, mshipa, kwa vitu vingi. Uko mshipa wa damu itokayo moyoni, mshipa wa damu irudiyo, mshipa wa fahamu, hata kano ishikayo msuli kwenye mfupa. Na mzee mwenye ngiri naye husema anaumwa mshipa. Kitabu kilitudai tutenganishe: ateri, vena, neva, kano. Baadhi ya wenzetu waliona haya, kana kwamba lugha yetu ndiyo pekee iliyochanganya mambo. Lakini Wayunani wa kale, ambao kwao dunia ilipata majina haya, walihangaika vivyo hivyo. Neno lao arteria walilitumia hata kwa koo la pumzi, na baadhi ya matabibu wao wakubwa waliamini kwamba ateri hubeba hewa, kwa kuwa katika maiti hukutwa karibu tupu. Hakuna taifa lililozaliwa likijua anatomia. Kila moja limejifunza, na mtu hawezi kuujua mwili kwa ndani bila ya mwili kufunguliwa.

Siku moja mwanafunzi mmoja, akiwa ameshika fuvu mikononi, aliuliza: "Mwalimu, huyu alikuwa nani?" Darasa likacheka kidogo, halafu likanyamaza. Mwalimu wetu, mama mtu mzima aliyekuwa amekaa kazini miaka mingi, alifunua kifuniko cha sanduku akatuonyesha kikaratasi cha muuzaji kilichobandikwa kwa ndani. Kilikuwa na neno moja lililosomeka vizuri: Calcutta. "Alikotoka tunakujua, mwanangu," akasema. "Jina hawakumwandikia." Kisha akaendelea na mbavu.

Swali lile linastahili jibu refu zaidi. Tuanzie katika bara letu wenyewe, maana watu wa kwanza wanaojulikana kupasua maiti za binadamu kwa utaratibu wa kujifunza walikuwa Wayunani wawili, Herophilus na Erasistratus, waliofanya kazi katika mji wa Alexandria, Misri, karibu miaka 300 kabla ya Kristo. Herophilus ndiye aliyeitofautisha mishipa ya fahamu na mishipa ya damu, akaonyesha kwamba makao ya akili ni ubongo wala si moyo. Lakini Celsus, mwandishi wa Kirumi aliyeishi karne tatu baadaye, alisimulia kwamba wafalme wa Misri waliwapa wataalamu hao wahalifu kutoka gerezani, nao wakawapasua wangali hai. Kwa hiyo tangu mlango ulipofunguliwa, shutuma imesimama pale pale kizingitini.

Baada yao akaja Galen, aliyezaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamon, ambao leo uko Uturuki. Aliwatibu wapiganaji wa uwanjani, akayaona mengi kupitia majeraha yao, kisha akawa tabibu mashuhuri mjini Roma. Yeye ndiye aliyethibitisha kwamba ateri zina damu wala si hewa. Lakini katika zama zake kupasua maiti ya binadamu hakukuruhusiwa, hivyo alipasua nyani, nguruwe na ng'ombe, akaandika kana kwamba ameona mtu. Akafundisha kwamba taya la chini lina mifupa miwili. Akafundisha pia kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, na kwamba damu hiyo huenda viungoni ikatumika ikaisha, kama maji ya mfereji yanavyonywewa na shamba. Waswahili nao hawakulidharau ini, maana hata leo aliyeumizwa sana husema amekatwa maini. Maneno ya Galen yaliheshimiwa kwa takriban miaka 1,400.

Mmoja wa watu wa mwanzo kulitia ufa jengo hilo alikuwa Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa mwaka 1213 nchini Syria na kufanya kazi Cairo. Galen alidai kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Mwaka 1242, katika maelezo yake juu ya anatomia ya Ibn Sina, Ibn al-Nafis aliandika kwamba ukuta ule ni mnene na hauna tundu lolote. Lazima damu iende mapafuni, ichanganyike na hewa huko, ndipo irudi upande wa kushoto. Cha ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliandika kuwa sheria ya dini na huruma iliyomo moyoni vilimzuia kupasua. Alifika mbali kwa kusoma na kufikiri. Kazi yake haikutambuliwa kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1924, daktari wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipouona mswada wake katika maktaba ya Berlin.

Huko Ulaya aliyeishika njia ya kisu alikuwa Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels. Akiwa mwanafunzi, mwaka 1536, alitoka nje ya mji wa Louvain akakuta mifupa ya mtu aliyenyongwa bado imening'inia, ikaibwa kidogo kidogo mpaka akaikamilisha chumbani kwake. Haya aliyaandika mwenyewe bila ya kuona haya. Baadaye alipokuwa mwalimu Padua, Italia, hakimu wa mji alimpatia maiti za walionyongwa. Mwaka 1543, akiwa na umri wa miaka 28, akachapisha kitabu chake kikubwa chenye picha za mwili wa binadamu. Humo taya la chini ni mfupa mmoja, na mfupa wa kidari una sehemu tatu badala ya saba alizozihesabu Galen. Picha zake ni nzuri mno. Maiti wamesimama milimani na mabondeni kama wasafiri, wakionyesha misuli yao. Lakini wengi wao walitoka kwenye kamba.

Miaka 85 baadaye, mwaka 1628, Mwingereza William Harvey, aliyesoma Padua pia, alichapisha kitabu kidogo juu ya mwendo wa moyo na damu. Nguvu ya Harvey haikuwa katika kisu peke yake, ilikuwa katika hesabu za kawaida ambazo hata muuza duka angezifanya. Alijiuliza: kila moyo unapopiga, unatoa damu kiasi gani? Alichukua makadirio madogo kwa makusudi, akazidisha kwa idadi ya mapigo, akaona kwamba katika nusu saa tu moyo hutoa damu nyingi kuliko iliyomo mwilini mwote. Kwa vipimo vya leo, moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha lita 5 kwa dakika, yaani lita 300 kwa saa. Hizo ni ndoo 15 za lita 20. Ni ini gani litakalotengeneza ndoo 15 za damu kila saa, na ni chakula gani tutakachokula? Jibu ni moja tu: damu ni ile ile inayozunguka. Harvey alifariki mwaka 1657 bila ya kuona damu inavyovuka kutoka ateri hadi vena. Mwaka 1661 Marcello Malpighi, akichungulia kwa hadubini pafu la chura, akaviona vijishipa vyembamba kupita kiasi ambavyo sisi tuliviita kapilari. Mzunguko ukakamilika.

Sisi tulifundishwa mzunguko huo mchana mmoja, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Miaka 1,400 ya kubahatisha, na mingine 400 ya kupasua, vyote vilichorwa ubaoni kwa chaki mbili, nyekundu na ya buluu. Ndiyo neema ya shule. Lakini neema hiyo huficha gharama, na gharama ilipanda sana kadiri vyuo vilivyoongezeka.

Tutazame Uingereza. Tangu mwaka 1752 sheria iliagiza kwamba wauaji walionyongwa wapelekwe kwa wapasuaji, iwe ni nyongeza ya adhabu na fedheha. Lakini walionyongwa hawakutosheleza madarasa. Basi wakatokea wafukuaji, watu waliofukua makaburi mapya usiku na kuuza maiti kwa walimu. Kaburi la tajiri lilijengewa chuma na kuwekewa mlinzi; la maskini lilikuwa udongo mtupu. Mwaka 1828 mjini Edinburgh, William Burke na William Hare waliona hata kufukua ni kazi nzito mno. Walikuwa wameanza mwishoni mwa 1827 na mpangaji aliyekufa kwa ugonjwa, wakamuuza kwa paundi saba na shilingi kumi. Kisha wakaua watu 16, wengi wao wageni, wazee na walevi wasio na wa kuwaulizia, wakawauza kwa mwalimu wa anatomia Robert Knox. Hare alitoa ushahidi akasamehewa. Burke alinyongwa Januari 1829, naye akapasuliwa mbele ya watazamaji. Mifupa yake ingali katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Knox hakushtakiwa.

Bunge likatunga sheria mwaka 1832 ili kuikomesha biashara ile. Wauaji hawakupelekwa tena kwenye kisu. Badala yao, waliofia katika nyumba za kutunzia maskini na hospitalini bila ya ndugu wa kuwachukua ndio waliopelekwa. Fikiri, msomaji. Kilichokuwa adhabu ya muuaji kikawa fungu la fukara. Wafukuaji walitoweka kweli, na madarasa yakajaa. Mwaka 1858 kikatoka kitabu cha Henry Gray, kilichochorwa na Henry Vandyke Carter, ambacho vizazi vya wanafunzi wa dunia nzima vimekisoma, hata sisi tulirithi nakala yake iliyochakaa jalada. Miili waliyoipasua wawili hao ilikuwa hasa ya maskini hao wa London.

Marekani mambo yalikuwa mazito zaidi kwa sababu ya rangi. Mnamo Februari 1788 watu Weusi wa New York, waliokuwa huru na waliokuwa watumwa, waliiandikia serikali ya mji kulalamika kwamba makaburi yao yanafukuliwa na wanafunzi wa utabibu. Hawakusikilizwa. Ghasia zilizuka mwezi wa Aprili, ilipojulikana kwamba makaburi ya Wazungu nayo yameguswa. Mwaka 1852 chuo cha utabibu cha Georgia kilimnunua mtumwa, Grandison Harris, na kazi yake ikawa kufukua makaburi ya watu wa asili yake mwenyewe. Mwaka 1989 mafundi waliokuwa wakikarabati jengo la zamani la chuo hicho walikuta maelfu ya mifupa chini ya sakafu.

Kama anatomia ilikopa kwa wafu, fiziolojia ilikopa kwa walio hai. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac mpakani mwa Marekani na Kanada, kijana mmoja mbeba mizigo wa biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi ya bahati mbaya tumboni. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, lakini tundu la kuingia tumboni halikuziba. Tangu mwaka 1825 Beaumont alianza kuingiza vipande vya nyama na mkate kwa uzi wa hariri kupitia tundu lile, akivitoa baada ya saa kadhaa aone vimesagika kiasi gani. Kutokana na majaribio hayo aliweza kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1833, kwamba chakula huyeyushwa na maji makali ya tumbo. Kila mwanafunzi anayejibu swali la usagaji wa chakula anakula matunda ya tumbo la St. Martin. Yeye mwenyewe hakujua kusoma, mkataba alitia alama tu, na mara kadhaa alirudi kwao Kanada. Alipofariki mwaka 1880 ndugu zake walikataa kumtoa. Waliiacha maiti ioze kwanza, ndipo wakaizika katika kaburi la kina kirefu, ili daktari yeyote asipate cha kuchukua. Kwa watu wanaojua heshima ya kumzika ndugu yao, hicho kilikuwa kitendo kichungu. Lakini ndiyo lugha pekee waliyobakiwa nayo ya kusema basi.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya zama za giza. Katika karne ya 20 Eduard Pernkopf wa Vienna, mfuasi wa Wanazi, alitoa vitabu vya picha za anatomia ambavyo wapasuaji walivisifu kuwa havina mfano. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Vienna ulioandikwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba taasisi yake ya anatomia ilipokea miili 1,377 ya watu waliouawa kwa hukumu za utawala ule. Hata picha za kompyuta, ambazo wengi hudhani zimetuondoa katika haya, zina historia yao. Mwaka 1994 Marekani ilitoa mkusanyo wa kwanza wa picha za mwili mzima wa mwanamume, uliokatwa vipande 1,871 vya unene wa milimita moja. Mwanamume huyo alikuwa mfungwa aliyenyongwa kwa sindano ya sumu huko Texas mwaka 1993, aliyekuwa ameridhia mwili wake upewe sayansi.

Na sanduku letu? India, tangu enzi za utawala wa Mwingereza, ilikuwa muuzaji mkubwa wa mifupa ya kufundishia, na Calcutta ndiyo ilikuwa soko kuu. Iliyouzwa ilikuwa mifupa ya waliokufa bila ya ndugu, na ya wale ambao ndugu zao hawakuwa na fedha ya kuni za kuwachomea. Serikali ya India ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1985. Kwa hiyo huyo aliyetufundisha mbavu na pingili alikuwa, kwa uwezekano wote, maskini wa Bengal, aliyevuka bahari ile ile iliyoleta kwetu majahazi na viungo, akaja kuwafundisha watoto wa Kiafrika bila ya kuulizwa na bila ya kulipwa.

Huku kwetu Afrika urithi wa sheria ya 1832 haujaisha. Katika nchi nyingi za bara hili, vyuo vya udaktari vimeendelea kutegemea maiti zisizo na wenyewe. Sababu zinaeleweka. Kwa Mwislamu maiti husitiriwa upesi. Kwa wengi wetu wa dini zote mtu hana budi kulala katika udongo wa kwao, mbele ya jamaa zake. Ni mila njema. Lakini matokeo yake ni kwamba mzigo wote wa kufundisha madaktari wetu humwangukia yule asiye na jamaa: mchukuzi wa stendi, kichaa wa sokoni, mgeni aliyegongwa na gari. Mila inayotulinda sisi haimlindi yeye.

Ipo njia nyingine, na wengine wamekwisha kuishika. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2004, mwili haupasuliwi kwa mafunzo isipokuwa mwenyewe aliridhia kwa maandishi akiwa hai. Nchini Thailand aliyetoa mwili wake huitwa mwalimu mkuu. Wanafunzi hulijua jina lake, humwombea kabla ya somo, na mwisho wa mwaka huhudhuria mazishi yake pamoja na familia. Kisu ni kile kile na mifupa ni 206 vilevile. Kilichobadilika ni kwamba aliyelala mezani ametoa, hakuchukuliwa.

Sitaki kijana aliache somo hili kwa sababu ya historia yake. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua anamhitaji muuguzi anayejua mshipa uko wapi, na ujuzi huo hauna chanzo kingine. Kuutupa ujuzi ni kuwadhulumu waliokwisha kuutolea miili yao mara ya pili. Wajibu ni kuusoma vizuri, na kuusoma kwa adabu: kutofanya mzaha na fuvu, kuuliza lilikotoka, na kuvitaka vyuo vyetu viandike majina pale yanapojulikana na vizike kwa heshima pale kazi inapokwisha.

Lakini malipo makubwa zaidi hayako maabara, yako wodini. Katika wodi zetu hakosekani mgonjwa wa kitanda cha mwisho, aliyeletwa na polisi au msamaria, asiye na wa kumletea uji, na juu ya cheti chake pameandikwa "hajulikani". Huyo ndiye ndugu wa wote niliowataja, wa Edinburgh, wa Georgia, wa Vienna, wa Calcutta. Elimu tuliyo nayo tulipewa na watu kama yeye. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Tumpe dawa kwa wakati, tumgeuze asipate vidonda, na kabla ya yote tumwulize jina lake tuliandike.